Mkokoni Haimo Katika Jedwali

Ami yangu ni mvuvi wa Mkokoni, kijiji cha Wabajuni kilicho bara, kikielekeana na kisiwa cha Kiwayu, upande wa kaskazini wa visiwa vya Lamu. Umri wake umepita miaka sitini, na katika muda huo wote bahari ilikuwa haijamdhuru ila kwa jua na chumvi. Msimu wa kusi uliopita alikanyaga taa katika maji ya magoti, na mwiba wa samaki huyo ukamwingia baina ya vidole vya mguu wa kushoto. Jeraha la taa si jambo geni huko. Mguu hutiwa katika maji ya moto, hufungwa kitambaa, na baada ya juma moja mtu hurudi kazini. Safari hii jeraha halikupona. Nimeamua kuyaandika yaliyofuata, si kwa kuwa mgonjwa ni ami yangu, bali kwa kuwa katika kumuuguza nimejifunza jambo ambalo sidhani wakubwa wetu wa afya wamelitia maanani vya kutosha, nalo ni kwamba katika hesabu ya dawa zinazofaa na zisizofaa katika nchi hii, Mkokoni haimo.

Alianza kwa kununua dukani vidonge vya rangi mbili. Alinunua sita, kwa sababu fedha aliyokuwa nayo ilitosha sita. Uvimbe ulipungua kidogo, kisha ukarudi kwa nguvu mpya. Akapigwa sindano siku tatu. Juma la tatu mguu ulikuwa umegeuka rangi na unanuka, ndipo wanawe walipompakia katika mashua ya injini. Ilibidi wangoje maji yajae, kwani mkanda ulio baina ya Manda na bara haupitiki vyema maji yakiwa makavu. Alifikishwa katika hospitali kubwa moja ya pwani. Sitaitaja hospitali hiyo, maana kosa nitakalolieleza si la nyumba moja, na watu wake walimtendea ami yangu wema. Walichukua usaha wa jeraha wakaupeleka maabara, na siku ya nne jibu likaja: kijidudu kilichokuwamo kilikuwa sugu kwa dawa zote mbili alizokwisha kuzitumia, lakini kilizisikia nyingine mbili. Akapewa mojawapo. Vidole viwili vilikatwa, mguu ukabaki.

Huenda msomaji angependa kujua jibu la namna hiyo hupatikanaje. Usaha, mkojo au damu ya mgonjwa hupandwa katika kisahani chenye chakula cha vijidudu, kikawekwa mahali penye joto la mwili wa binadamu hadi siku ya pili. Kijidudu kikishaota na kutambuliwa, hupandwa tena katika kisahani kingine, na juu yake hupangwa vijiduara vidogo vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Siku inayofuata mtaalamu huchukua rula na kupima, kwa milimita, upana wa eneo tupu kuzunguka kila kiduara, mahali ambapo kijidudu kimeshindwa kuota. Eneo likiwa pana, kijidudu kinaisikia dawa. Likiwa jembamba au halipo kabisa, ni sugu. Njia hii ilisanifiwa Marekani mwaka 1966 kwa kazi ya Bauer, Kirby na wenzao, na hadi leo ndiyo tegemeo la maabara nyingi za Afrika. Haihitaji mitambo mikubwa. Yahitaji mikono safi, vijiduara visivyopitwa na wakati, umeme usiokatika usiku, na siku tatu au nne za kungoja.

Na hapo pana shida, kwa maana mgonjwa hawezi kungoja siku nne. Daktari hulazimika kuchagua dawa siku ya kwanza, kabla ya kisahani kusema lolote. Ili asichague kwa kubahatisha tu, maabara hukusanya majibu ya mwaka mzima na kuyafupisha katika jedwali moja liitwalo antibayogramu. Upande mmoja huandikwa majina ya vijidudu, upande wa pili majina ya dawa, na katika kila chumba cha jedwali huandikwa asilimia ya vijidudu vilivyosikia dawa ile. Daktari akisoma kwamba kijidudu fulani cha mkojo kinaisikia dawa fulani kwa asilimia 80, ataitumia bila hofu nyingi; akisoma asilimia 45, ataiacha na kupanda juu kwa dawa kali zaidi na ghali zaidi. Karatasi moja basi, iliyobandikwa ukutani, ndiyo huamua ni dawa gani zitaagizwa na zitakazosahauliwa. Ni karatasi yenye mamlaka kuliko wengi tunavyodhani.

Nilipata bahati ya kuiona ikitengenezwa. Kijana wa maabara, mchangamfu na mwenye subira kwa maswali yangu ya kizee, alinifungulia kompyuta yake na kunionyesha programu iitwayo WHONET. Programu hii ilianzishwa mwaka 1989 na wataalamu waliokuwa Boston, Marekani, John Stelling na Thomas O'Brien, na Shirika la Afya Duniani huigawa bure kwa nchi zote. Kijana alibonyeza hapa na pale, na kabla sijamaliza chai yangu majibu ya miezi kumi na miwili yakawa yamekwisha kugeuka jedwali safi lenye rangi. Nilistaajabu. Kisha nikamwomba anitafutie ami yangu.

Tulimwona. Tulimwona mara nne. Katika majuma sita aliyolazwa usaha wake ulipimwa mara nne, na kila kipimo kilikuwa mstari wake katika orodha, na kila mstari ulikuwa umeingia katika asilimia. Programu ina mahali pa kuchagua ili kila mgonjwa ahesabiwe mara moja tu kwa kila aina ya kijidudu. Kijana alisema hakuwahi kupagusa mahali hapo, wala aliyemfundisha hakumtajia. Nikamwomba anionyeshe safu ya makazi. Palipaswa kuandikwa kijiji, mistari yote minne ilikuwa na neno moja, «Lamu». Kwa hiyo ami yangu alihesabiwa kuwa watu wanne, na hata mmoja wao hakutoka Mkokoni.

Nilicheka, naye akacheka. Njiani, nikirudi nyumbani, sikuona tena cha kuchekesha.

Tuchukue mfano, nao ni mfano wangu tu wa kufanyia hesabu. Tuseme maabara ina mistari 40 ya kijidudu cha mkojo kiitwacho Escherichia coli, na katika hiyo 20 imeisikia dawa na 20 ni sugu. Kompyuta itaandika asilimia 50, na daktari mwenye busara ataiacha dawa hiyo. Sasa tufungue mafaili. Tunakuta kwamba katika ile mistari 20 ya usugu, mistari 8 ni ya mzee mmoja aliyelala wodini kwa muda mrefu na mpira wa mkojo, na mistari 6 ni ya mama mwingine wa hali kama hiyo. Hao ni watu wawili, si kumi na wanne. Wagonjwa wote kumbe ni 28, na 20 miongoni mwao vijidudu vyao viliisikia dawa. Asilimia sasa ni 71. Dawa iliyokuwa imehukumiwa kufa imefufuka kwa kuhesabu watu badala ya karatasi. Na tangu lini mtu anayepimwa mara nyingi akawa ni yule aliyepona upesi? Anayerudiwa rudiwa ni yule ambaye dawa zimemshinda, kwa hiyo kosa hili halielemei pande zote sawasawa. Aghalabu huelemea upande wa usugu.

Wala hiyo asilimia 71 haitoshi kuaminiwa peke yake. Taasisi ya Marekani iitwayo CLSI, ambayo kanuni zake hufuatwa na maabara nyingi ulimwenguni, husema kila mgonjwa ahesabiwe kwa kijidudu chake cha kwanza katika kipindi kinachofupishwa, na kwamba asilimia haifai kuandikwa ikiwa vijidudu vilivyohesabiwa havikufika 30. Wagonjwa wetu 28 wamepungua wawili. Mwanatakwimu ataongeza kwamba kwa watu 20 kati ya 28, ukweli wenyewe waweza kuwa popote baina ya asilimia 53 na 85 hivi. Na wakiwa watu 3 kati ya 4, ambayo nayo huandikwa kwa kiburi «asilimia 75», ukweli waweza kuwa popote baina ya 30 na 95, yaani hatujui kitu. Programu haioni haya kuandika 75 katika chumba hicho, kwa rangi ileile ya kijani iliyoitumia kwa kijidudu kilichopimwa mara mia tano. Aibu ni ya mwenye kuisoma.

Nimejifunza mengine pia, na mengine yamenichosha kichwa. Mtaalamu aliyepima kwa rula huandika herufi tatu: S kwa kijidudu kinachosikia dawa, R kwa kilicho sugu, na I kwa kilicho katikati. Zamani wengi waliihesabu I pamoja na usugu. Mwaka 2019 kamati ya Ulaya iitwayo EUCAST ilibadili maana yake; I sasa ni kijidudu kinachosikia dawa iwapo kipimo cha dawa kitaongezwa. Maabara inayofuata kamati ya Ulaya na ile inayofuata taasisi ya Marekani zaweza kuwa na visahani vilevile, zikatoa asilimia mbili tofauti, na zote mbili zikawa zimesema kweli. Ole wake daktari asiyeambiwa ni kanuni gani iliyotumika! Kuna na suala la tahajia, ambalo kwa mwandishi wa magazeti ni jambo la kila siku. Kijidudu kimoja kikiandikwa kwa nukta leo, bila nukta kesho, na maneno mawili yakiunganishwa keshokutwa, kompyuta huweza kuona vijidudu vitatu. Na kuna vijidudu ambavyo kwa maumbile yake havisikii dawa fulani hata siku moja. Klebsiella haiisikii ampisilini, ndivyo ilivyoumbwa. Kwa hiyo jedwali linaloonyesha Klebsiella ikiisikia ampisilini kwa asilimia 40 halitoi habari njema, linatoa habari kwamba ndani ya maabara kuna kosa: vijiduara vimeharibika, au kijidudu kimepewa jina la mwenzake.

Yote haya kompyuta yaweza kuyakamata ikiagizwa. Mbali na WHONET, iko lugha ya takwimu iitwayo R, iliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, katika miaka ya 1990, nayo pia ni ya bure. Ndani ya lugha hiyo Matthijs Berends na wenzake wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, waliandika furushi la amri linaloitwa AMR, likatolewa kwa umma mwaka 2018. Furushi hilo hutambua jina la kijidudu hata likiandikwa ovyo, humchagua mgonjwa kwa kijidudu chake cha kwanza, huonya pale ambapo idadi haikufika 30, na humwuliza mtumiaji ile I aiweke wapi. Kijana yeyote wetu aliyesoma takwimu chuoni, nao wako wengi wanaotembea na vyeti mikononi bila ya kazi, ataimudu kazi hiyo kwa majuma machache. Basi yule atakayetuambia kwamba serikali ya kaunti haina fedha za kununua programu na atafute udhuru mwingine. Programu haiuzwi.

Hata hivyo nisingependa msomaji adhani kwamba tatizo ni kubonyeza mahali fulani katika kompyuta. Kama lingekuwa hilo tu, ningemwandikia kijana wa maabara barua, nisingewachosha wasomaji wa gazeti zima. Hata akihesabu sawasawa kabisa, swali linabaki: anawahesabu nani?

Anamhesabu aliyefika. Na aliyefika kutoka Mkokoni ni nani? Ni yule ambaye dawa ya duka imemshinda, sindano imemshinda, majuma matatu yamempita, na jamaa zake wamechanga fedha za mafuta ya mashua. Wale ambao vidonge vya bei nafuu viliwaponyesha wako nyumbani wanashona nyavu. Usaha wao haukupimwa wala hautapimwa. Jedwali la hospitali ya rufaa, hata likiwa safi namna gani, ni picha ya walioshindwa na dawa. Tukilichukua jedwali hilo na kulifanya mwongozo wa zahanati za vijijini, tutaziacha dawa rahisi ambazo pengine bado zinafaa, na tutawapa watu wote seftriaksoni, ambayo Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa mwaka 2017 wa kuzigawa dawa hizi katika makundi matatu, liliiweka katika kundi la dawa za kutumiwa kwa tahadhari. Kadiri tunavyoitumia ndivyo vijidudu vinavyoizoea. Mwaka unaofuata jedwali litakuwa baya zaidi, na tutasema: mnaona, tulikuwa na haki kuziacha zile rahisi.

Lakini yaweza kuwa kinyume. Yaweza kuwa Mkokoni, penye maduka yanayouza vidonge sita sita, usugu ni mkubwa kuliko huko mjini, na mama mwenye homa ya uzazi anapewa dawa iliyokwisha kufa zamani. Mimi sijui, na daktari hajui, na jedwali lile limenyamaza. Dhuluma ninayoilalamikia ni hiyo: kwamba watu wa kijiji kizima hutibiwa kwa hesabu ya watu wengine.

Kuhesabu vizuri si jambo lililotushinda Waswahili wa pwani hii. Kilifi, ambako kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilianzishwa mwaka 1989, waliamua tangu mwaka 1998 kwamba kila mtoto anayelazwa kwa maradhi apimwe damu, na sio yule tu ambaye dawa zimemshinda. Matokeo ya miaka minne ya mwanzo, hadi Julai 2002, yalichapishwa mwaka 2005. Watoto 16,570 walihesabiwa. 1,094 wakakutwa na bakteria ndani ya damu, na 308 miongoni mwa hao wakafa. Zaidi ya robo ya vifo vyote vya watoto hospitalini humo vilitokana na bakteria hao, katika nchi ambayo kila homa ya mtoto ilikuwa ikiitwa malaria. Hesabu hiyo ilibadili mawazo ya waganga mbali na Kilifi. Nguvu yake haikutoka katika kompyuta. Ilitoka katika uamuzi wa kutomruka mtoto yeyote. Lakini Kilifi iko kando ya barabara kuu, na imepata wafadhili. Kaskazini ya Lamu bahari ndiyo barabara, na wakati wa kusi barabara hiyo hufungwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe.

Hatuko peke yetu katika giza hili. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 14 za Afrika, Kenya ikiwamo, na kutangazwa mwaka 2022, ulikuta kwamba katika maabara zipatazo 50,000 ni asilimia 1.3 tu zinazopima bakteria. Mwaka huohuo jarida la Lancet lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu 1,270,000 ulimwenguni walikufa kwa sababu ya usugu wa vijidudu, na kwamba hali ilikuwa mbaya zaidi Afrika ya Magharibi. Makadirio ya namna hii hujengwa kwa data za mahali penye maabara, na mahali pasipo na maabara hujazwa kwa hesabu za kukisia. Sisemi hayo kwa kuyabeza. Wenyewe waliokadiria wamekiri upungufu huo. Nasema tu kwamba Mkokoni imo katika ile sehemu iliyojazwa.

Nimeambiwa na mtu mmoja mwenye cheo kwamba kijiji kama hicho ni kidogo mno, na kwamba hata kikihesabiwa hakitafikisha wagonjwa 30 wa kijidudu kimoja kwa mwaka. Hoja hiyo ina ukweli, lakini yeye ameitumia kufungia mlango badala ya kuufungulia. Hakuna aliyesema Mkokoni iwe na jedwali lake peke yake. Kanuni zenyewe huruhusu kuunganisha miaka miwili au mitatu idadi ikiwa ndogo. Unganisha Mkokoni na Kiwayu, Kiunga, Ndau, Kizingitini na Faza. Watu hao hunywa maji ya aina moja, hununua dawa kwa wachuuzi walewale, na huoleana. Hapo wagonjwa 30 wa maradhi ya mkojo hawatakosekana. Ila ili uweze kuunganisha vijiji ni lazima kwanza uwe umeviandika. Ukiandika «Lamu» katika safu ya makazi, umekwisha kuchanganya mtu wa Mpeketoni, wa Mokowe, wa Langoni na wa Mkokoni katika chungu kimoja, na hakuna programu duniani itakayowatenganisha tena. Kaunti yetu ilikuwa na watu 143,920 katika sensa ya mwaka 2019. Si wengi kiasi cha kushindwa kuandika kila mgonjwa anatoka wapi.

Usafirishaji ndio ugumu wa kweli, na hapo sitaki kusema kwa wepesi wa mtu asiyebeba mzigo. Mkojo usiowekwa baridini unapaswa kupandwa katika saa mbili, la sivyo vijidudu huzaana ndani ya chupa na kutoa jibu la uongo. Ukiwekwa baridini huweza kungoja siku moja. Usaha uliochukuliwa kwa pamba na kutiwa katika kichupa chenye maji maalumu ya kuuhifadhi huvumilia siku moja hadi mbili. Kutoka Mkokoni hadi mjini kwa mashua nzuri yenye injini ni safari ya saa, si ya siku. Sanduku la barafu lipo kila mahali panapochanjwa watoto. Wavuvi nao wana barafu ya kamba na samaki. Shirika la Safari Doctors, lililoanzishwa na Bi. Umra Omar, ambaye mwaka 2016 alitajwa miongoni mwa mashujaa kumi wa kituo cha televisheni cha CNN, limeonyesha kwamba matibabu huweza kufikishwa kwa mashua katika vijiji hivi. Chombo kinachopeleka dawa chaweza kurudi na sampuli. Majuma mawili kwa mwaka, kila mwenye dalili za maradhi ya mkojo au jeraha lenye usaha achukuliwe sampuli, awe amekwisha kutumia dawa au hakutumia, na jambo hilo nalo liandikwe. Sampuli mia moja zilizochukuliwa kwa utaratibu huo zitatufundisha zaidi ya mistari elfu iliyokusanyika kwa bahati.

Naelekeza maneno haya kwa serikali ya kaunti, kwa kuwa tangu mwaka 2013 huduma za afya ziko mikononi mwake, wala si za Nairobi tena. Nchi imekwisha kuandika mipango: wa kwanza wa kupambana na usugu wa dawa ulikuwa wa mwaka 2017 hadi 2022, na wa pili ni wa 2023 hadi 2027. Ni mipango iliyoandikwa vizuri. Sehemu kubwa ya kazi ya maabara katika nchi zetu ilibebwa na Mfuko wa Fleming wa Uingereza, na mwaka 2025 serikali ya huko ilitangaza kuukomesha. Tulikuwa tukijua kwamba mgeni ataondoka, ameondoka. Linalobaki ni kuona kama maabara zitaendelea kununua vijiduara vyao na kama kijana yule atalipwa mshahara wa kuhesabu. Naomba mambo matatu yasiyo na gharama kubwa: safu ya kijiji ijazwe kwa jina la kijiji, kila jedwali linalobandikwa ukutani liandikwe chini yake idadi ya wagonjwa, kipindi na kanuni iliyotumika, na jedwali hilo lifike Faza, Kiunga na Mkokoni, likiwa na maelezo kwamba limetokana na wagonjwa wa wapi. Ami yangu alipolala wodini, nakala ya jedwali ilikuwa imebandikwa mlangoni pa daktari. Zahanati za kaskazini nilizozipitia hawajapata kuiona.

Niliporudi Mkokoni kumjulia hali, nilimkuta ukumbini ameunyoosha mguu juu ya mkeka, anafundisha mjukuu kupiga fundo. Pembeni yake alikuwa ameketi mama mmoja, mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye ndiye aliyeliosha jeraha siku ya kwanza na ambaye watu humwita daktari ingawa yeye hukataa. Nilimweleza habari za kompyuta, za watu wanne, na za safu ya makazi. Alinisikiliza hadi mwisho, akainuka, akaenda kwake, akarudi na daftari la shule la kurasa 96, pembe zake zimekunjamana kwa chumvi.

«Mwanangu,» aliniambia, «mimi sina kompyuta. Lakini tazama.»

Alikuwa amepiga mistari kwa kalamu ya wino, safu tano: jina, nyumba, ugonjwa, dawa aliyoitumia na alikoipata, na ya mwisho ameiandika kwa herufi kubwa, AMERUDI. Katika safu hiyo hutia alama pale mgonjwa anaporudi baada ya dawa bila ya nafuu. Hakuambiwa na mtu kufanya hivyo. Alianza, akasema, baada ya wanawake watatu wa mtaa mmoja kurudi kwa mkojo uleule wakiwa wametumia vidonge vilevile. Nilimtafuta ami yangu. Ameandikwa mara moja, na mbele yake alama mbili, moja ya vidonge na moja ya sindano. Nilimwuliza kama kuna mtu wa hospitali aliyewahi kuliomba daftari hilo.

«Hajaja,» alisema. «Nalo limebaki kurasa nne.»

Nimemnunulia mawili, na rula ndefu. Yatapanda mashua ya Jumatano, bahari ikikubali.